Winga wa Mtandaoni na Mwenye Duka: Jinsi ya Kufanya Kazi Pamoja Bila Kugombania Kamisheni

Maswali ninayoulizwa na mawinga wa mtandaoni ni yaleyale kila wiki. "Nimeleta wateja kumi, mbona dashibodi inaonyesha wawili?" "Nimemwandikia mwenye programu mara tatu, hajibu." "Naweza kuomba niongezewe asilimia, au nitafukuzwa?" Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo ajue aanzie wapi.

Ukiijua Kariakoo, kazi hii unaijua tayari. Winga hana fremu wala stoo. Anamjua mteja, anajua duka lipi lina mzigo, anawakutanisha, naye anapata chake. Mtandaoni kazi hiyo inaitwa afilieti maketingi: unapewa linki au msimbo wako, mtu akinunua kupitia hapo unalipwa asilimia. Utaratibu huo wa duka ndio unaoitwa programu, na kliki na mauzo yako unayaona kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa hesabu zako. Kuna tofauti mbili tu, lakini ni kubwa. Ya kwanza, winga wa Kariakoo anaweka cha juu chake kwenye bei, ilhali mtandaoni bei imepangwa na mwenye duka na kamisheni yako inatoka kwenye faida yake. Ya pili, bosi wa Kariakoo anamwona winga wake kila asubuhi. Wewe hakuoni. Anaona namba ya akaunti na idadi ya kliki, basi. Ugomvi mwingi niliopitia, na mwingi nilioitwa kuusuluhisha, ulianzia hapo. Kwa hiyo hatua nyingi za mwongozo huu zinalenga jambo moja: mwenye programu akujue wewe ni nani, na aiamini hesabu yako.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mahali unapotangazia ambapo mtu anaweza kupaona: ukurasa wa Instagram, chaneli ya YouTube, blogu, au kundi la WhatsApp lenye watu wanaokusikiliza.
- Barua pepe moja ya kazi, yenye jina lako halisi. Barua pepe ya utani uliyofungua ukiwa sekondari iache kwa marafiki.
- Namba ya mlipakodi: TIN kwa aliye Tanzania, PIN ya KRA kwa aliye Kenya.
- Njia ya kupokea pesa ambayo jina lake linafanana na kitambulisho chako. Kwa duka la nyumbani, M-Pesa au benki inatosha. Kwa programu za nje, uliza kwanza wanalipa vipi nchini kwako kabla hujatangaza chochote. Wapo waliouza miezi kadhaa ndipo wakagundua hakuna njia ya kupokea pesa hiyo.
- Daftari. Liwe la karatasi au la Excel, lakini liwepo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Itumie bidhaa, au angalau ishike mkononi

Ukishindwa kuinunua, nenda dukani uione, uulize, uipime. Mwenye duka akigundua unatangaza viatu ambavyo hujui namba zake zinabana au zinapwaya, hatakupa uzito. Mteja ndiye atakayegundua kabla yake.

Hatua ya 2: Soma masharti, uandike majibu ya maswali haya

Watu wengi hubonyeza "nakubali" wakasonga mbele. Chukua nusu saa, usome na kalamu mkononi, ujibu:

1. Kuki, ile alama ambayo linki yako inaiacha kwenye simu ya mteja, inadumu muda gani? Yaani mtu akibonyeza linki yako leo, akinunua baada ya siku ngapi bado ni wako?
2. Nini kinahesabiwa kuwa mauzo: oda ikiwekwa, ikilipwa, au siku za kurudisha mzigo zikishapita?
3. Kiwango cha chini cha kulipwa ni kiasi gani, na malipo hutoka tarehe ngapi?
4. Unaruhusiwa kununua kwa linki yako mwenyewe?
5. Unaruhusiwa kulipia matangazo ya Google au Facebook kwa kutumia jina la duka?
6. Mteja akibonyeza linki yako halafu akatumia msimbo wa mtu mwingine, nani analipwa?

Chukua mfano wa Amazon, ambao programu yao imekuwepo tangu mwaka 1996 na wengi huanza nayo. Kwao kuki inadumu saa 24. Bidhaa ikiwekwa kwenye kikapu ndani ya muda huo, unapata nafasi ya hadi siku 90. Akaunti mpya inatakiwa ifikishe mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180, la sivyo inafungwa. Kununua kwa linki yako mwenyewe hakuruhusiwi. Na pesa hutoka takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Asiyejua hilo la mwisho huanza kulalamika mwezi wa kwanza kwamba ameibiwa, kumbe kalenda ndiyo hiyo, na iliandikwa.

Kama duka ni dogo na halina masharti yaliyoandikwa, yaandike wewe. Mtumie mwenye duka ujumbe mmoja wenye majibu ya maswali hayo sita jinsi ulivyoelewa mlipoongea, na umwombe aandike "sawa" au arekebishe. Mali kauli ni utaratibu wa heshima miaka yote, lakini kauli mbili hukumbukwa tofauti baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 3: Jitambulishe

Fanya hivi ndani ya wiki ya kwanza, kabla hujawa na shida. Mtu anayeandika kwa mara ya kwanza akiwa analalamika huchukuliwa kuwa mtu wa malalamiko. Ujumbe uwe mfupi:

"Habari za kazi. Mimi ni winga mpya kwenye programu yenu, msimbo wangu ni huu. Natangaza vyombo vya jikoni kwa akina mama wa Mwanza na Shinyanga kupitia kundi la WhatsApp na Instagram. Nimepanga kuanza na masufuria yenu ya size kubwa kwa sababu ndiyo yanayoulizwa zaidi kwenye msimu wa harusi. Naomba kujua mambo mawili: mzigo wa mikoani unachukua siku ngapi, na nani nimuulize nikiwa na swali la hesabu? Ahsante."

Angalia kilichomo. Anajua unamuuzia nani, unaanza na bidhaa gani na kwa nini, na maswali yako yanajibika kwa dakika mbili. Usiulize "naomba maelekezo ya jinsi ya kufanya". Swali hilo halina mwanzo wala mwisho, na mwenye duka ataliahirisha hadi alisahau.

Hatua ya 4: Ijaribu linki kabla hujaitangaza

Ibonyeze kwenye simu, siyo kwenye kompyuta tu, kwa sababu wateja wetu wengi wanatumia simu. Hakikisha inafika kwenye bidhaa sahihi, bei ni ile unayotangaza, na kliki yako inaonekana kwenye dashibodi. Kisha piga skrinshoti yenye tarehe uiweke.

Hapa kuna tundu ambalo linakula kamisheni za watu bila wao kujua, nalo ndilo jibu la lile swali la "wateja kumi, dashibodi wawili". Yako mawili kwa kweli.

La kwanza: mtu akibonyeza linki yako akiwa ndani ya Instagram, ukurasa hufunguka ndani ya Instagram yenyewe na kuki inabaki humo. Usiku akitulia, anafungua Chrome, anaandika jina la duka, ananunua. Kwa mfumo, huyo ni mteja aliyejileta.

La pili ni letu zaidi. Mteja anabonyeza linki, anafika kwenye tovuti, anaiona namba ya WhatsApp ya duka. Anaandika "hii bado ipo?" Wanaelewana, anatuma pesa kwa simu, mzigo unaondoka. Mauzo yamefanyika, na linki haijui lolote. Mwenye duka hakukuibia. Hana namna ya kujua kwamba mtu yule alitoka kwako.

Dawa yake ni msimbo ambao mteja anautaja kwa mdomo au kwa kuandika, wenye faida kwake hata kama ni punguzo dogo. Kubaliana na mwenye duka kwamba wanaopokea simu na WhatsApp waulize kila mteja: "Umetuona wapi?" Na wewe andika kwenye daftari lako: tarehe, bidhaa, na tarakimu nne za mwisho za simu ya mteja aliyekuambia amenunua. Nne zinatosha kulinganisha. Namba nzima za wateja zisizunguke kwenye meseji; Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, mteja hakukupa namba yake uisambaze.

Hatua ya 5: Sema wazi kwamba unalipwa

"Ukinunua kupitia linki hii napata kamisheni, bei yako haibadiliki." Sentensi hiyo iwekwe karibu na linki, siyo chini kabisa ambako hakuna anayefika. Amazon wanalazimisha, na sheria za Marekani zinaitaka. Duka la mtaani huenda lisiseme kitu, lakini liweke hata hivyo. Mteja akija kugundua mwenyewe, lawama inakwenda kwako na kwa duka pia.

Hapohapo nionye kuhusu cha juu. Usimwambie mteja bei iliyo juu ya ile ya duka ili upate kote kuwili. Ataiona bei halisi akifika, na mwenye duka ndiye atakayeulizwa kwa nini mawakala wake wana bei mbili.

Hatua ya 6: Ahidi kile tu ambacho duka linaweza kutimiza

Hili nililijifunza kwa gharama. Nilikuwa nauzia duka moja la mabegi ya shule. Tangazo lao liliandika "tunakuletea bure", nami nikaliandika hivyohivyo kwenye kundi langu. Sikuuliza. Bure ile ilikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Wateja sita wa Mbeya na Songea wakaagiza, mizigo ikapakiwa kwenye basi, na walipofika stendi wakaambiwa walipie nauli ya mzigo. Wanne walikataa. Mabegi yakarudi Dar, na duka likalipa usafiri mara mbili.

Usiku ule nilimpigia mwenye duka kabla hajanipigia. Nikamwambia kosa limetokana na tangazo langu, nikamwomba akate nusu ya gharama za basi kwenye kamisheni yangu ya mwezi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Mabegi yenyewe waliyapenda?" Tuliongea karibu saa nzima kuhusu wateja wa mikoani. Mwezi uliofuata akaweka bei ya mikoani yenye usafiri ndani yake, na akanitumia mimi kwanza kabla ya mawinga wengine. Nusu ya nauli aliikata, kama tulivyokubaliana. Ilikuwa haki yake.

Kwa hiyo uliza kabla: usafiri, dhamana, siku za kurudisha, rangi zilizopo. Ukikosea, piga simu wewe kwanza.

Hatua ya 7: Tuma ripoti ya mwezi hata kama hujaombwa

Ukifanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii. Mistari isiyozidi kumi, tarehe ileile kila mwezi. Mfano:

"Ripoti ya Machi. Kliki 412. Oda 19: zilizothibitishwa 14, zilizorudishwa 3, zinazosubiri 2. Kwenye daftari langu nina oda 2 za WhatsApp ambazo hazimo, maelezo yake nimeyaambatisha. Watu 11 wameuliza kama mnapokea malipo kwa awamu. Watu 7 wamesema picha ya begi la bluu haifanani na begi lenyewe. Aprili nitatangaza zaidi mabegi ya chekechea. Je, mzigo utakuwepo wa kutosha?"

Mistari ya juu inaonyesha kwamba unahesabu. Ile ya katikati, ya maswali ya wateja, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, na wengi huitupa. Mwenye duka anakutana na walionunua. Waliotaka kununua wakaacha, hawaoni. Wewe unao kwenye kundi lako, wanakwambia sababu zao kila siku. Mpelekee hizo sababu na atakusubiri kila mwezi. Nimewahi kuwa upande wa pili, nikiwa na bidhaa yangu na mawinga wachache. Wawili waliokuwa wananiandikia maswali ya wateja ndio niliowapa bidhaa mpya za majaribio. Kuna aliyewazidi wote wawili kwa mauzo, lakini sikujua hata anauza mji gani.

Usitume ripoti ya kujisifu. Mwezi mbaya andika kwamba ni mbaya, na useme unadhani kwa nini.

Hatua ya 8: Linganisha hesabu kabla ya siku ya malipo

Siku tano kabla ya tarehe ya malipo, weka daftari lako kando ya dashibodi. Kila oda isiyoonekana iandikie mstari: tarehe, bidhaa, ushahidi ulionao. Tuma orodha yote kwa mara moja. Kudai oda mojamoja kwa meseji za usiku kunamchosha mtu na kunafanya hata dai la haki lionekane usumbufu.

Hatua ya 9: Omba nyongeza ukiwa na sababu

Subiri uwe na walau miezi mitatu ya hesabu safi. Usianze na "nimefanya kazi sana". Anza na kile anachopata yeye: oda zako ngapi hazikurudishwa, wateja wako wangapi wamenunua mara ya pili.

Na usikimbilie asilimia peke yake. Faida ya bidhaa nyingine ni ndogo kiasi kwamba mwenye duka hawezi kuongeza hata akitaka. Yapo mengine yanayomgharimu kidogo na kukusaidia sana: kuki ndefu zaidi, msimbo wako binafsi, picha nzuri za bidhaa, kulipwa kila wiki mbili, au kuambiwa ofa siku tatu kabla ya wengine. Mimi hupenda hilo la mwisho kuliko nyongeza ya asilimia moja.

Hatua ya 10: Kodi na kumbukumbu

Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 imeitaja kazi hii waziwazi, na mkazi anakatwa asilimia 5 kwenye malipo kuanzia Julai 2023. Ukiona pesa imepungua kiasi hicho, omba uthibitisho wa makato badala ya kugombana. Programu za Marekani zitakutaka ujaze fomu ya W-8BEN kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa huko. Aliye Tanzania aende TRA na TIN yake, aulize mapato yake yanaingia wapi. Hifadhi kila uthibitisho wa muamala.

Kwa mwenye programu, machache

Lipa tarehe uliyosema, hata kama ni pesa ndogo. Ikishindikana, sema kabla ya tarehe hiyo kufika. Mzigo ukiisha, waambie mawinga siku hiyohiyo, maana kuna mtu ametangaza kwa bando lake mwenyewe. Na ukibadilisha viwango, wape muda. Aprili 2020 Amazon walitangaza viwango vipya tarehe 14, vikaanza kutumika tarehe 21. Samani zilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3, vyakula kutoka 5 hadi 1. Wiki moja haimtoshi mtu aliyejenga tovuti nzima kwa miaka. Wewe mwenye duka la mawinga ishirini unaweza kutoa siku thelathini na usipoteze kitu.

Mambo yakienda mrama

*Kliki ni nyingi, mauzo hakuna.* Fungua linki upya, ukurasa wa bidhaa unaweza kuwa umekufa au bei imepanda. Kama ukurasa uko sawa, huenda unawaletea watu wasiohitaji. Mwulize mwenye duka kwa kawaida kliki mia zinamletea oda ngapi, ndipo ujue kama tatizo ni lako au la ukurasa.

*Mwenye programu hajibu.* Andika tena baada ya siku nne, kwa njia nyingine, swali moja tu. Programu kubwa zina dawati la msaada, na meseji kwenye Instagram yao haimfikii anayehusika. Duka dogo, piga simu asubuhi kabla wateja hawajajaa.

*Malipo yamechelewa.* Kagua kwanza kiwango cha chini na siku za kusubiri. Kama kweli yamepita, andika hivi: "Malipo ya Machi, kiasi hiki, yalitakiwa tarehe 15. Leo ni tarehe 22. Naomba kujua yatatoka lini ili nipange matangazo ya Mei." Usitishie wala usimwanike kwenye kundi. Ukishapewa tarehe ya pili nayo ikapita, simamisha matangazo mapya na umwambie kwamba umesimamisha.

*Winga mwenzako anachukua wateja wako kwa msimbo wenye punguzo kubwa zaidi.* Usimshambulie yeye. Mwulize mwenye programu utaratibu ni upi mteja anapotumia misimbo miwili, na uombe uandikwe kwa wote.

*Viwango vimeshushwa.* Piga hesabu kama bado inakulipa. Ukiamua kuondoka, aga, ondoa linki zako zote, na usiwahamishe wateja kwa kulisema vibaya duka.

*Akaunti imefungwa.* Usifungue nyingine kwa jina la ndugu yako, maana hiyo ndiyo njia ya haraka ya kufungiwa kabisa. Uliza ni sharti lipi limevunjwa. Kisha tuma daftari lako, skrinshoti zenye tarehe na zile ripoti za kila mwezi, na umwombe aliyefunga azipitie moja baada ya nyingine.